Hema la familia katika hewa ya Pwani: kununua, kusimamisha na kutunza

Hema linalokaa Mombasa huharibikia kabatini zaidi kuliko porini. Hewa yetu ina chumvi na unyevu mwaka mzima, na kitambaa kilichokunjwa na umande wake huota koga baada ya siku chache tu. Kwa hiyo mzazi anayetafuta hema la kwenda na watoto Tiwi, Watamu, Shimba Hills au Voi aangalie mambo ambayo maandishi ya kwenye boksi huyapitia juu juu.

Tuanze na ukubwa. Hema likiandikwa ni la watu 4, mtengenezaji amehesabu takribani sentimita 60 za upana kwa kila mtu, yaani futi 2, wote wamelala wamebanana na hakuna hata begi moja ndani. Godoro la futi 4 kwa 6 lina upana wa sentimita 122 hivi. Ukitaka kuyalaza mawili ubavu kwa ubavu, unahitaji sakafu ya sentimita 245, na hapo bado hujapata pa kuweka viatu. Familia ya watu 4 inunue hema la watu 6. Familia ya watu 7 au 8, kwa maoni yetu, inunue mahema mawili. Hema kubwa sana hushika upepo kama tanga, fito zake ndefu hupinda, na linataka uwanja mpana ulio sawa ambao porini haupatikani kirahisi. Kimo cha sentimita 180 hadi 190 katikati kinamtosha mtu mzima kuvaa nguo akiwa amesimama. Ukizidisha hapo unaongeza mzigo wa upepo bure.

Kitambaa ndilo jambo la pili. Chagua poliesta. Nailoni ni nyepesi na imara ikiwa mpya, lakini hulegea ikilowa, na jua huidhoofisha haraka zaidi. Turubai la pamba hupumua vizuri na halichemki sana mchana, ila ni zito, huchelewa kukauka, na kwa unyevu wetu likikaa bichi huoza. Rangi nayo izingatiwe: paa la rangi ya mchanga au kijivu hafifu halinyonyi joto kama la buluu iliyokolea au kijani kizito.

Kwenye lebo utaona namba za milimita. Hizo hueleza kimo cha maji ambacho kitambaa kinaweza kukibeba kabla hakijaanza kupitisha tone. Paa la nje la milimita 1,500 linastahimili mvua ya kawaida. Kwa masika ya Aprili na Mei tafuta 3,000. Sakafu inahitaji zaidi ya paa, kwa sababu goti au kisigino kinachokandamiza ardhi iliyolowa husukuma maji kwa nguvu kuliko matone ya mvua. Milimita 3,000 ndiyo ya chini kabisa, na 5,000 ni bora. Kisha ligeuze paa uangalie mishono kwa ndani. Mshono uliozibwa una utepe mwembamba unaong'aa kutoka mwanzo hadi mwisho. Pasipo na utepe patavuja, hata namba iwe kubwa vipi.

Lakini kwa Pwani, kupita kwa hewa hemani kuna umuhimu kuliko namba zote hizo. Januari hadi Machi joto la usiku halishuki sana chini ya nyuzi 24, na watoto wawili na wazazi wao wakipumua ndani ya hema lililofungwa, alfajiri paa linadondosha maji. Wengi hudhani limevuja, kumbe ni pumzi zao zilizogusa kitambaa baridi. Tafuta hema lenye tabaka mbili: chumba cha ndani ambacho angalau nusu ya kuta zake ni wavu, na paa la nje linalosimama mbali nacho bila kukigusa. Liwe na milango miwili inayotazamana, na matundu ya hewa juu, karibu na kilele. Kama mnapenda kulala karibu na mikoko au kwenye vijito vya bahari, kagua wavu kwa makini. Wavu wa kawaida humzuia mbu, ila usubi hupenya, kwa hiyo unahitaji wavu wenye matundu madogo zaidi.

Fito za faibaglasi ndizo nyingi madukani, na hazishiki kutu. Kwa hema la watu 6 usikubali zenye unene chini ya milimita 11, kwani za milimita 8.5 ni za hema dogo. Alumini ni nyepesi na imara, bei yake juu. Fito za chuma zinazouzwa na mahema makubwa ziache kama utazipeleka ufukweni, kwa maana rangi ikichubuka mara moja tu kutu inaanza hapo.

Hema la mitumba linaweza kuwa la thamani nzuri, lakini linuse kabla hujauliza bei. Utando wa ndani unaozuia maji hushambuliwa na unyevu taratibu, na ukianza kufa hutoa harufu kali ya uchachu, unanata vidoleni, kisha unabanduka vipandevipande vyeupe. Hema la namna hiyo halina dawa ya kuaminika. Zivute zipu zote mwanzo hadi mwisho, hesabu vipande vya fito, na ulitandaze kwenye mwanga uone matundu.

Pahali pa kulisimamisha

Ufukweni, swali la kwanza ni maji. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari ya Mombasa hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na kilele cha kujaa kwa siku hizo huja karibu saa kumi alasiri na tena saa kumi za usiku, familia ikiwa usingizini. Mstari wa mwani mkavu ulio juu kabisa unaonyesha maji yalifika wapi. Kaa juu yake kwa hatua nyingi, na kama mwezi unaelekea kuwa mpevu usiuamini mstari wa wiki ile ya maji mafu, ambapo bahari haipandi sana. Usilale chini ya mnazi. Nazi na makuti makavu hayana taarifa, na kusi likivuma ndipo yanapoanguka zaidi.

Kuhusu upepo, kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki kuanzia Aprili hadi Septemba, na kaskazi huja kutoka kaskazini-mashariki Desemba hadi Machi. Upande mwembamba au mfupi wa hema ndio uupe upepo, mlango mkubwa uwe upande wa pili. Upepo ukiingia mlangoni hulinyanyua hema kwa ndani, na hapo vigingi hung'oka kimoja baada ya kingine.

Shimba Hills na Tsavo kuna mengine ya kuzingatia. Tumia viwanja vilivyotengwa kwa mahema tu. Usiweke chakula ndani ya hema, hasa matunda, kwa kuwa ndovu hunusa mbali, na nyani na tumbili hawasumbuki kufungua zipu, wanachana. Chakula kikae ndani ya gari lililofungwa. Angalia pia msafara wa siafu kabla ya kutandika. Na usichimbe mfereji kuzunguka hema ili kuzuia mvua. Unaharibu ardhi bila sababu, wakati mwinuko mdogo wa pahali pazuri unafanya kazi hiyo hiyo.

Kusimamisha

Lisimamishe nyumbani kwanza, uani au kwenye paa la nyumba, mchana, kabla hujalipeleka popote. Hapo ndipo kipande cha ufito kilichosahauliwa kinapojulikana.

Fagia mawe na miiba, maana mwiba wa mgunga wa Voi hutoboa sakafu na godoro la upepo kwa pamoja. Tandaza turubai la chini, na kingo zake zikunje ziishie chini ya sakafu ya hema, ndani ya ukingo wake kwa sentimita 5 hadi 10 kila upande. Turubai likitokeza nje hukinga mvua inayoteremka kwenye kuta na kuipeleka chini ya mgongo wako. Hili ndilo kosa tunaloliona mara nyingi zaidi kwenye viwanja vya mahema, na kulirekebisha hakuchukui dakika.

Tandaza chumba cha ndani, zipu zote zikiwa zimefungwa, na upigilie kwanza vigingi viwili vya upande wa upepo ili kisipeperuke. Unga fito kipande kwa kipande kwa mkono. Ukizirusha zijiunge zenyewe, midomo ya faibaglasi hupasuka. Zipitishe kwenye pindo kwa kusukuma, usivute: ukivuta, vipande huachana ndani ya kitambaa na ncha yake hukichana. Watu wawili wasimame pembe mbili zinazokabiliana na kuinamisha ufito pamoja. Hema likisimama, vuta pembe zilizobaki mpaka sakafu inyooke, lakini si kiasi cha kuzitesa zipu. Zipu inayokataa kufungwa kwenye hema jipya kwa kawaida ni dalili kwamba pembe zimevutwa kupita kiasi, na ukilazimisha unaharibu kichwa chake.

Paa la nje lina vishikizo au vijikamba kwa ndani vinavyofungwa kwenye fito. Wengi huviacha, na hivyo ndivyo vinavyozuia fito kupinda upepo ukibadilika. Vifunge vyote. Mwisho vuta kamba za nje hata kama anga ni shwari. Zinaliweka paa mbali na chumba cha ndani, na mvua ya ghafla ya saa nane za usiku haikupi muda wa kutafuta nyundo gizani.

Kigingi kipigiliwe kwa pembe ya nyuzi 45 hivi, kichwa kikilalia nje, mbali na hema. Vile vyembamba vinavyokuja kwenye boksi havifai mchangani wala Tsavo. Kwa udongo mwekundu uliokauka, nenda kwa fundi wa kuchomelea akukatie nondo ya milimita 8 vipande vya sentimita 30 hadi 40, akunje kichwa kiwe ndoano na asage ncha. Kwa mchanga laini, jaza mchanga kwenye kifuko cha gunia, funga kamba shingoni, kizike kina cha sentimita 30 na ukanyage juu yake. Hakuna kigingi kinachokishinda. Penye mwamba wa matumbawe, funga kamba kwenye mawe mazito, na weka kitambaa pale inapogusana na jiwe, kwani matumbawe hukata kamba kwa kusugua.

Jiko la makaa lisiingie hemani, hata likiwa limebaki majivu yenye joto, hata kwa dakika chache wakati wa mvua. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoua watu wakiwa wamelala. Jiko likae mita kadhaa kutoka hemani, upande ambao upepo hauleti cheche, maana poliesta ikishika cheche huyeyuka na kudondoka ikiwa moto. Kwa mwanga tumia taa ya betri au ya sola.

Mkirudi nyumbani

Kama mlikuwa ufukweni, lioshe hema siku hiyo hiyo au kesho yake kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Chumvi hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo kitambaa kinachoonekana kikavu leo huwa kibichi tena usiku. Tumia sifongo na sabuni laini kidogo. Usitumie sabuni ya unga, dawa ya kung'arisha nguo wala mashine ya kufulia, vyote hivyo humaliza utando. Zipu zimwagie maji mengi mpaka mchanga utoke, futa pia fito na viungio vyake.

Kausha kivulini penye upepo, varandani au chini ya paa. Kausha kila tabaka peke yake, na geuza sakafu, kwa sababu mishono ya pembeni hubaki na maji hata pengine pote pakiwa pakavu. Jua kali la siku nzima hula kitambaa pole pole, na ndiyo sababu hema lisiachwe limesimama uani wiki nzima kwa ajili ya watoto kuchezea.

Usilirudishe kwenye mfuko wake likiwa limebanwa. Liweke kwa ulegevu ndani ya foronya kubwa au mfuko wa pamba, juu ya rafu, mbali na sakafu na ukuta wa nje. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu ndani. Buti ya gari ni pabaya zaidi kwa joto lake. Kila baada ya mwezi mmoja au miwili, na hasa wakati wa masika, litoe lipate hewa. Koga ikianza, isugue kwa brashi laini ikiwa kavu, kisha ipanguse kwa siki iliyochanganywa na maji, suuza na ukaushe. Doa jeusi halitatoka, ila utakuwa umezuia lisienee.

Matengenezo madogo

Zipu ikiwa nzito, isugulie mshumaa. Usitumie mafuta, hukusanya mchanga unaokula meno ya zipu. Zipu inayopita bila kufunga kwa kawaida imepanuka kichwa, basi kibane kidogo kwa koleo, upande mmoja kisha wa pili, ukijaribu kila mara. Tundu la kitambaa lisafishe kwa spiriti, bandika kiraka chenye kona za mviringo kinachozidi tundu kwa sentimita 2 au 3 kila upande. Mshono unaovuja upakwe gundi ya mishono inayolingana na utando: gundi ya silikoni haishiki kwenye utando wa poliyurethani, ambao ndio ulio kwenye mahema mengi ya familia. Iache ikauke usiku kucha.

Ufito uliopasuka usiushike mikono mitupu, nyuzi za faibaglasi huingia ngozini. Upitishe ndani ya kipande cha bomba la chuma chepesi cha sentimita 15 na ukifunge kwa utepe wa gundi pande zote mbili. Kamba ya mpira iliyolegea ndani ya fito hubadilishwa kwa kufungua ncha moja: kata mpya iwe fupi kidogo kuliko ufito mzima, ili ibaki na mvuto. Na unapokunja fito, anzia katikati kwenda pembeni, mpira uvutike sawa pande zote.