Usiitie bagoong sufuriani: jibu kwa unayepika kare-kare Ijumaa

Mkuu, kabla hujawasha jiko, hiyo chupa ya bagoong, kile kiungo cha chumvi cha Kifilipino, irudishe kwenye friji. Nimesoma uzi wako wote. Uko Dubai, mkeo Mfilipino, Ijumaa unataka kumpikia kare-kare ya watu wawili, ule mchuzi wao wa nyama na karanga, umeshanunua kilo 2 za mkia wa ng'ombe, na unasema utamimina chupa nzima tangu mwanzo "ili nyama ishike ladha". Hapo kwenye kushika ladha ndipo nilipoharibikiwa mimi, na siwezi kukaa kimya nikiangalia mwenzangu anakwenda kule kule.

Mchuzi wa kare-kare unaachwa chapwa makusudi. Chumvi yake iko kwenye bagoong, na bagoong inakaa kwenye kibakuli chake pembeni ya sahani. Unachukua kipande cha nyama, unakipaka kidogo, unakula na wali mweupe. Ni uduvi hao, wametiwa chumvi nyingi wakaachwa wachachuke. Chumvi ya namna hiyo huwezi kuipigia hesabu ikiwa ndani ya sufuria linalochemka.

Na sisi watu wa Pwani ndio tunaoingia mkenge upesi. Karanga tunazijua tangu utotoni, mchicha wa karanga, kisamvu cha karanga, na kwetu chumvi inaingia jikoni, mpishi anaonja, anaongeza, kwisha. Ukiona mchuzi wa karanga mkono unakwenda wenyewe kwenye kopo la chumvi.

Mimi nilifuata video ya jamaa mmoja mwenye kofia ndefu ya mpishi. Alisema kwa kujiamini kabisa kwamba bagoong iingie pamoja na maji, ichemke na nyama mpaka mwisho. Sasa mkia bila jiko la presha unataka saa 2 na nusu hadi 3 kwa moto mdogo. Muda wote huo maji yanapungua, chumvi haipungui. Mwanzoni nilionja nikaona sawa. Zikaja karanga, ukaja mchele uliokaangwa na kusagwa, mchuzi ukawa mzito, na chumvi ikajikusanya humo humo. Nilipoonja tena, ilikuwa kama nimechota maji ya bahari pale Raskazone.

Nikaongeza maji, mchuzi ukawa mwepesi wa aibu. Nikaongeza karanga, ukawa mzito na chumvi iko pale pale. Nikatia viazi, maana kila mtu husema viazi vinanyonya chumvi. Vinanyonya mchuzi wenye chumvi, mkuu, na mchuzi unaobaki ni ule ule! Nyama yenyewe ilikuwa imeloa mpaka kwenye mfupa. Mke wangu kwao ni Pampanga, mkoa ambao Wafilipino wenyewe wanausifia kwa mapishi. Alikula vipande vichache kwa heshima, akanywa maji, akaniuliza taratibu bagoong iko wapi. Nyama ghali kuliko zote nyumbani ikaenda kwenye pipa.

Yule jamaa bado anafundisha. Chini ya video yake Wafilipino wamemwandikia kwamba bagoong ni ya mezani, hajibu, hafuti, hasahihishi. Mtu hajakaa na wenye chakula akaona wanavyokula, anathubutu vipi kuwafundisha wengine? Nyama inanunuliwa kwa jasho la watu. Na kabla hujatokea mtu humu kusema sijui kupika, aje Tanga aulize pilau za harusi pale mtaani kwetu nani alikuwa anasimamia.

Kanuni yangu ni moja: chumvi iwe mezani. Mfilipino ana sawsawan, yaani vibakuli vya kuchovya: patis, yaani sosi ya samaki, na pilipili, sosi ya soya na kalamansi, ndimu zao ndogo, siki na vitunguu saumu. Kila mtu anajichanganyia anavyopenda na mpishi hanuni. Kwetu ukiomba chumvi mezani mama mwenye nyumba anaweza kukununia wiki nzima. Kwao vibakuli ni sehemu ya chakula. Na nyie ni wawili mliolelewa majiko mawili tofauti. Mkishindania ladha sufuriani mmoja atalala na njaa.

Sinigang, supu yao chachu, vivyo hivyo. Uchachu wa ukwaju uwe ndani, bila huo hakuna sinigang, lakini patis na pilipili ziwe pembeni. Adobo, nyama yao ya siki, ndiyo inayopika sosi ya soya na siki pamoja na nyama, basi hapo usitie chumvi hata chembe mpaka mchuzi upungue uonje.

Kwa hiyo Ijumaa toa kilo 1, nyingine igandishe. Kilo 1 mtashiba na kesho mtakula tena, ikiwa nzito zaidi na tamu zaidi. Karanga ziwe zimekaangwa, bila sukari. Rangi ni achuete, mbegu nyekundu za kutia rangi. Bilinganya, maharage marefu mabichi, pechay (mboga ya majani) na ua la mgomba ukilipata, vichemshe kando, uviweke juu mwishoni. Kama umenunua pakiti ya unga wa kare-kare, soma nyuma, chumvi imo tayari.

Mkienda kula mitaa ya Satwa au Karama hapo Dubai, usiseme supu ni chapwa kabla hujagusa vibakuli. Uliuliza pia utamwepukaje nguruwe: mwulize mhudumu, na taja chicharon kwa jina, maana hizo ni ngozi za nguruwe zilizokaangwa na hunyunyizwa juu ya pancit palabok, tambi zao za mchuzi, hata juu ya choroko, na asiyejua hazitambui.

Bagoong yako ionje leo, usingoje Ijumaa. Ya kahawia yenye utamu imeshakaangwa, itie kibakulini ilivyo. Ikiwa ya waridi na chumvi inayokwaruza ulimi, hiyo ni mbichi: kaanga vijiko viwili na vitunguu saumu, nyanya na sukari kidogo. Fungua dirisha kwanza, harufu yake inafika kwa jirani kabla hujazima moto.