Mkuu, usimjibu mtahini usiku huu

Mkuu, funga hiyo baruapepe. Usiitume. Umeuliza umjibuje mtahini wa nje aliyesema sura ya tatu ya tasnifu yako haina mbinu ya utafiti inayoeleweka. Lakini rasimu uliyobandika hapa haijibu kitu: aya nne za kumuuliza yeye ni nani, na nakala kwa mkuu wa idara, mkuu wa kitivo na kurugenzi ya uzamili.

Balaa liko kwenye hizo nakala. Barua ya hasira kwa mtu mmoja yaweza kumezwa. Ukishawanakili wakubwa watatu imekuwa kumbukumbu ya ofisi. Inaingia kwenye faili, inasomwa kikaoni, na wajumbe wanaacha kujadili sampuli yako, wanajadili nidhamu yako. Marekebisho ya wiki chache yanageuka kusubiri kikao kijacho. Msimamizi, ambaye ndiye angekutetea, ananyamaza, maana umemgombanisha na mtahini, mwenzake wa kazi. Usiniulize najuaje.

Na hao wa kundi la WhatsApp wanaokwambia "mpe makavu yake", waulize nani kati yao atakuandikia barua ya mapendekezo ukitaka kazi. Wanaweka vicheko, wanalala, tasnifu inabaki yako. Huyo anayekushauri umwandame mtahini mtandaoni kwa jina ndiye hatari zaidi. Akasome Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 inasemaje kuhusu kumnyanyasa mtu kwa ujumbe: faini inaanzia shilingi milioni 5. Atakuchangia?

Shika hili: kila sentensi ya jibu lako itaje ukurasa. Isiyotaja ukurasa, futa.

Tengeneza jedwali la marekebisho lenye safu nne: namba, maneno ya mtahini kama alivyoyaandika, ulichofanya, ukurasa. Aya yake moja huwa imebeba hoja tatu au nne. Zitenganishe, kila moja mstari wake, la sivyo utajibu mbili na mtahini wa ndani akurudishie kazi kwa ile ya tatu. Pale alipokosea, na wapo wanaokosea, usiandike "mtahini hakusoma". Andika: "Namna ya kupata washiriki imeelezwa uk. 47, aya ya 2. Imeongezwa sentensi kuhusu kigezo cha umri." Umemwambia lilelile, ila hana pa kukushikia. Kama hujabadilisha kitu, sema wazi hujabadilisha, toa sababu kwa sentensi mbili, basi. Msimamizi alione jedwali kabla halijatoka.

Safu ya ukurasa ijaze mwisho kabisa, ukishapata PDF ya mwisho. Ukiongeza aya moja sura ya pili, namba zote za mbele zinasogea. Mtahini akifungua uk. 47 akakuta kitu kingine, ataanza kutilia shaka hata yale uliyoyajibu vizuri.