Lenzi Moja ya Kutembea Nayo: Kabla Hujanunua, Zihesabu Picha Zako

Wanaoanza kupiga picha huniuliza sana swali hili: "Ninunue lenzi gani nikishaifunga kwenye kamera nisiitoe tena?" Zamani nilikuwa na jibu la haraka, tena nilikuwa nalitoa kwa majivuno. Siku hizi nami nauliza: picha ulizopiga mwaka huu umeshazihesabu?

Kamera yangu ya kwanza ilikuja na ile lenzi ya kawaida ya milimita 18 hadi 55 (milimita chache huona pana, nyingi huvuta cha mbali), plastiki tupu, nyepesi kama kopo. Haikunikosea chochote. Niliichoka tu kwa sababu kila mtu alikuwa nayo. Nikajibana, nikanunua 18-200, nikajiona nimemaliza kazi. Uwanja mzima unaingia, na uso wa mtu aliye ng'ambo ya pili unaingia, bila kubadilisha chochote. Nilitembea nayo miaka miwili.

Siku moja nilikuwa napanga mafaili yangu kwenye kompyuta nikagundua kitu ambacho kilikuwepo siku zote. Kila picha ya dijitali hubeba kumbukumbu yake ndani: kasi ya shata (pazia linalofunguka kuingiza mwanga), aiso (kiwango cha kamera kuhisi mwanga), na milimita ulizokuwa umevuta wakati unabonyeza. Programu nyingi za kupangia picha, hata za bure, zinaweza kukuchambulia picha zote kwa milimita. Nikachambua. Zaidi ya nusu ya picha nilizozihifadhi zilikuwa chini ya milimita 35, na rundo kubwa kuliko yote lilikuwa kwenye 18 kamili. Maana yake nilikuwa nimerudisha zumu, yaani ule uvutaji wa lenzi, mpaka ukomo wa upana, na pengine bado mgongo wangu ulikuwa umegusa ukuta. Zilizozidi 135 zilikuwa za kuhesabika: ndege kwenye waya, mwezi, ndege kwenye waya tena.

Kwa hiyo miaka miwili nilibeba mzinga wa kwenda mbali, huku ninachokosa ni upana.

Hapo ndipo nilipobadili mawazo kuhusu lenzi za kutembea nazo, na ndilo jambo ninaloshikilia mpaka leo: chagua kwanza kwa kuangalia upande mpana, huo mwingine utajitafutia. Picha iliyopigwa kwa mbali kidogo unaweza kuikata. Ukiwa na kamera ya megapikseli 24, ukapiga kwa milimita 135 halafu ukakata ionekane kama ya 200, unabaki na megapikseli kama 11, na hizo zinatosha kabisa kuchapisha picha ya kutundika ukutani. Lakini kile ambacho hakikuingia kwenye fremu hukirudishi. Ukimkata shangazi pembeni mwa picha ya ukoo, shangazi hayupo.

Tofauti ya milimita mbili tu inaonekana ndogo kwenye maandishi. Kwenye kamera ya sensa ndogo (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea picha), hizi ziitwazo APS-C, lenzi inayoanzia 18 inakupa uwanda wa kuona wa nyuzi kama 76 kutoka kona hadi kona, na inayoanzia 16 inakupa kama 83. Ndani ya chumba, nyuzi hizo saba ni dirisha zima. Ni mlango kuonekana wote badala ya nusu.

Na hapa kuna mtego ambao nimeona watu kadhaa wakiingia. Milimita zinazoandikwa kwenye lenzi hazibadiliki, lakini unachokiona kinategemea ukubwa wa sensa. Sensa kubwa ya fremu kamili ina milimita 36 kwa 24. Za APS-C ni ndogo, hivyo unazidisha milimita za lenzi kwa 1.5, au 1.6 kama ni Canon, ili upate inavyoonekana kwa kipimo cha fremu kamili. Micro Four Thirds, aina ya sensa ndogo zaidi ya hizo, unazidisha mara 2. Sasa mtu anasikia 24-105 ni lenzi bora ya kutembea nayo, na ni kweli, kwenye fremu kamili. Anaifunga kwenye kamera ya APS-C na inaanzia kwenye kitu kama 36. Upana umekwenda. Anazunguka na lenzi nzito ya kifahari inayoona finyu kuliko ile ya plastiki iliyokuja na kamera. Kama sensa yako ni ya APS-C, tafuta inayoanzia 16, 17 au, ukikosa, 18. Fremu kamili, 24. 28 unaweza kuizoea. Micro Four Thirds, 12.

Jambo la pili ni mwanga, na hili nililijua kwa aibu.

Jioni moja tulikuwa sebuleni, watu wamejaa, taa moja ya dari. Binti wa dada yangu akaanza kucheza katikati. Nikakaa pembeni na 18-200 yangu, nikavuta hadi 100 hivi, nikapiga kama picha arobaini nikitabasamu peke yangu. Nilipozifungua baadaye, saa ya ukutani nyuma yake ilikuwa inasomeka hadi mshale wa sekunde. Mtoto alikuwa na mikono sita na hana uso.

Kilichotokea ni hiki. Lenzi zenye kuvuta sana huwa zimeandikwa f/3.5-5.6 au zaidi ya hapo. Namba ya kwanza ni ya upande mpana, ya pili ni ya ukishavuta. Namba ya f ikipanda, tundu la kupitisha mwanga linafinyika. Kwa hiyo pale kwenye 100 nilikuwa kwenye f/5.6, aiso 1600, na shata ikajikalia kwenye 1/20 ya sekunde, polepole mno kwa mtoto anayecheza. Kitulizi cha lenzi kilifanya kazi yake vizuri: kilituliza mikono yangu, ndiyo maana saa ilitoka safi. Hakiwezi kumtuliza mtoto. Canon hukiita IS, Nikon VR, Sony OSS, Tamron VC. Herufi zozote ziwazo, kinatibu mtikisiko wa mpigaji pekee.

Lenzi ya f/2.8 ingeingiza mwanga mara nne ya ule. 1/20 ingekuwa 1/80, ningepandisha aiso hadi 3200 ningepata 1/160, na mtoto angekuwa na mikono miwili. Picha ingekuwa na chenga kidogo, zile punje punje za aiso kubwa, lakini chenga zinavumilika. Ni kweli lenzi nyingi za f/2.8 haziendi mbali, zinaishia 50, 55 au 70. Ningelazimika kusogea hatua tatu mbele. Hatua tatu!

Je, f/4 haitoshi? Kwa wengi inatosha, hasa kwenye fremu kamili. Ukiwa unapiga zaidi nje mchana, usijitese na f/2.8. Mandhari unayapiga kwa f/8 hata hivyo.

Uzito watu huupuuza mpaka siku ya kwanza ya kutembea tangu asubuhi hadi magharibi. Zamani f/2.8 ilimaanisha tofali: 24-70 ya kwanza ya Sony ya GM, daraja lao la juu, ina gramu 886, bado kamera. Mambo yamebadilika. Kwa wenye APS-C, Sigma wana 18-50 f/2.8 ya gramu 290 hivi, inayoenea kwenye kiganja, ingawa haina kitulizi ndani. Tamron wana 17-70 f/2.8 yenye kitulizi, gramu 525. Kwa fremu kamili ya Sony, Tamron 28-75 f/2.8 ina gramu kama 550. Nazitaja ili ujue zipo. Sikuambii ukimbilie hizohizo. Kama una kamera kongwe, 17-50 f/2.8 zilizotumika ni nyingi na bado zinapiga vizuri.

Nilisema zilizotumika, basi niongeze neno moja. Lenzi ya mkono wa pili, kabla hujatoa hela, iangalie hivi. Washa tochi ya simu, imulike kutokea nyuma, uangalie ndani kwa mshazari. Vumbi kidogo lisikushtue, kila lenzi ya zumu huvuta vumbi. Ukiona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui zimetambaa kwenye kioo, hiyo ni fangasi. Irudishe kwa upole na uage. Kisha inamishe ielekee chini uone kama mzinga, ile sehemu inayorefuka ukivuta, unateleza wenyewe. Yangu ya 18-200 ilikuwa na ugonjwa huo. Nikitembea nayo begani, inashuka taratibu, nikija kushtuka imejitoa urefu wote inagonga paja langu kila hatua. Mwisho, fungua tundu lote, piga ukuta wenye maandishi, ulinganishe kona ya kushoto na ya kulia. Moja ikiwa na ukungu na nyingine safi, lenzi imeshawahi kuanguka au vioo vimekaa upande.

Kwa mambo mengine sitakuchosha. Kipimo cha filta, kofia ya lenzi, mipira ya kuzuia vumbi na maji: ni mazuri, hayaamui. Ukali wa picha kwenye majedwali ya majaribio pia usikunyime usingizi. Ukifunga tundu hadi f/8 lenzi nyingi za sasa huwezi kuzitofautisha bila kukuza picha hadi uone matundu ya ngozi.

Mimi nimeishia kwenye 17-50 f/2.8 ya mkono wa pili. Imechubuka rangi kwenye pete ya zumu, otofokasi yake, mota ya kulenga yenyewe, inalia kama mbu, na iko kwenye kamera wakati wowote ninapotoka. Kama kuna siku nahitaji kwenda mbali, naazima.

Ile 18-200 nilimpa mdogo wangu, na huwa ananicheka. Yeye anapiga picha za mpira, mchana, jua kali, amesimama nje ya mstari na hawezi kuingia uwanjani. Mwezi uliopita nilimchambulia picha zake kwa milimita. Karibu zote ziko kati ya 150 na 200, na hakuna hata moja ya 18.