Mhusika wako anapiga hesabu: jibu kwa anayeandika riwaya ya mwenzi mdhibiti

Ndugu mleta uzi, umeeleza kwamba unaandika riwaya ya taharuki ya kisaikolojia kuhusu mwanamke aliyempata mwenzi kupitia programu ya kutafuta wachumba, na kwamba wasomaji wako wa awali wamerudi na lalamiko moja: hawaelewi kwa nini mwanamke msomi, mwenye kazi na marafiki, anaendelea kukaa na mtu wa namna ile. Unafikiria kuongeza katika sura ya tatu tukio la kufungiwa ndani na kupigwa ili sababu ionekane, na umewaomba waliopitia hali hiyo waseme kama ndivyo inavyokuwa. Mimi niliishi na mwanamume wa aina hiyo, niliyempata kwa njia hiyo hiyo, na katika maisha yetu yote ya pamoja hakuwahi kunifungia mlango wala kuninyanyulia mkono. Wapo wanaopigwa, tena ni wengi, na sisemi haya kuyapunguzia uzito mateso yao. Ninachokuomba ni kwamba usiliongeze tukio hilo kwa ajili ya kuwaridhisha wasomaji tu, kwa maana kinachokosekana katika sura zako, kwa jinsi ulivyozieleza, ni hesabu anayoipiga mwanamke huyo kichwani kabla ya kila tendo dogo, pamoja na gharama ambayo tayari anaijua.

Anza na mapenzi, na uyaandike kwa dhati. Mtafiti wa mawasiliano Joseph Walther alieleza mwaka 1996 kwamba mawasiliano ya maandishi kupitia kompyuta yanaweza kujenga ukaribu unaozidi ule wa ana kwa ana, kwa sababu anayeandika huchagua la kuonyesha na ana muda wa kulirekebisha, naye anayepokea hujaza mapengo kwa yale anayoyatamani, na majibu yake humtia mwandikaji moyo wa kuendelea kuwa mtu yule anayedhaniwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwangu. Mwanamume yule alikuwa amesoma kila nilichokuwa nimekiweka katika kurasa zangu, na alikuwa na subira ya kuuliza. Aliuliza ni rafiki yupi ninayemwamini kuliko wote, ni nani katika ukoo wangu nisiyepatana naye, ni jambo gani lililowahi kunitia aibu kazini, na ni kitu gani ninachokiogopa nikiwa peke yangu usiku. Sikuwahi kusikilizwa na mtu kwa makini kiasi kile. Baadaye kila jibu lilipata matumizi: rafiki niliyemwamini ndiye aliyekuwa wa kwanza kusemwa kwamba ananionea wivu, na ndugu nisiyepatana naye akawa ushahidi kwamba mimi ni mtu nisiyekalika. Lakini wakati ule yalikuwa maswali ya mtu anayependa, na naamini hata sasa kwamba mtu mwenye akili timamu angeyafurahia.

Kwa hiyo mruhusu msomaji wako ampende mwanamume huyo. Mpe wema halisi, kama kukumbuka tarehe ya mtihani wa mdogo wake, kukaa naye kwenye simu usiku kucha anapouguza, na kuyasoma maandishi ya kazi yake na kuyarekebisha. Ukimwonyesha msomaji meno ya mtu huyo katika ukurasa wa pili, msomaji atamtangulia mwanamke kwa hatua kumi, na kuanzia hapo atamdharau. Nadhani hilo ndilo lililowapata wasomaji wako wa awali.

Maombi yake ya kwanza yalikuwa ya kujali, na kila moja lilikuwa dogo mno kukataliwa. Aliniomba nimtumie ujumbe nikifika. Kisha akaomba tuwashe simu zetu zioneshe mahali tulipo, ili asiwe na wasiwasi. Neno la siri hakuliomba. Alinipa la kwake kwanza, bila mimi kuuliza, akasema hana cha kunificha, na akanyamaza. Naomba ulitazame jambo hili kwa makini, kwa sababu watu wengi wanaoandika kuhusu wadhibiti huwachora kama wanyang'anyi. Huyu alitoa kwanza, na ukarimu wake ukanifanya nione kwamba nikikataa nitakuwa mchoyo au mtu mwenye siri.

Baada ya hapo ukaja muda wa kujibu. Alijua ni saa ngapi nimesoma ujumbe wake na ni dakika ngapi zimepita kabla ya kuujibu. Nikichelewa hakupaza sauti. Alinyamaza, siku nzima au zaidi, akitembea ndani ya nyumba kana kwamba mimi ni samani, kisha ghafla wema wote ukarudi, pamoja na machozi na maneno matamu kuliko ya mwanzo, bila kauli yoyote juu ya kilichotokea. Wanasaikolojia Ferster na Skinner walionyesha katika utafiti wao wa mwaka 1957 kwamba tendo linalolipwa kwa vipindi visivyotabirika hudumu muda mrefu baada ya malipo kukoma, kuliko lile lililozoea kulipwa kila mara. Mwaka 1981 Donald Dutton na Susan Painter walieleza jinsi zamu za ukali na upole, pale mmoja anapokuwa na nguvu kuliko mwenzake, zinavyoweza kumfunga anayeteswa kwa anayemtesa. Nilizisoma kazi hizo baada ya kuondoka, na zilinisaidia kuelewa kwa nini siku nilizomhitaji zaidi zilikuwa ni zile zilizofuata kimya chake kirefu. Katika riwaya yako, siku hizo nzuri ziandike kwa uangalifu ule ule unaouweka katika siku mbaya. Bila siku nzuri hakuna kinachomshikilia mhusika, na wasomaji watakuwa na haki ya kuuliza swali lao.

Sasa nije kwenye hesabu yenyewe. Wenzangu wa kazini waliniita kwenye sherehe ya kumuaga mmoja wetu, jioni, kwa saa chache. Hakuna aliyenikataza. Kabla sijamweleza, nilikuwa nimeshapima: nikienda, itanilazimu kumtumia ujumbe kila baada ya muda mfupi, tena ujumbe mrefu, kwa kuwa mfupi utaonekana wa kujikosha, itanilazimu kupiga picha ya meza, na katika picha hiyo asionekane mwanamume aliyekaa karibu nami, simu isikae kimya, chaji isiishe, nisicheke nikiwa napokea simu yake, nirudi mapema kuliko nilivyoahidi, maana kurudi kwa saa niliyoahidi kungetafsiriwa kuwa nilitamani kubaki, na hata nikitimiza yote hayo, kesho yake kutakuwa na kimya, na keshokutwa kuna kazi muhimu ambayo sitaweza kuifanya nikiwa sijalala. Nikawaambia wenzangu kwamba kichwa kinaniuma. Aliporudi nyumbani na kunikuta, alinikumbatia, akauliza kwa upole mbona sikwenda kujifurahisha. Angeapishwa mbele ya hakimu, angesema kwamba hajawahi kumzuia mkewe kwenda popote, na kila neno la kiapo chake lingekuwa kweli.

Kwa maoni yangu, hofu yote ya riwaya yako iko hapo. Mlinzi alikuwa ameshahamia ndani yangu, na nilikuwa nikimfanyia zamu bila malipo. Ukiitumia nafsi ya kwanza, mwonyeshe msomaji hesabu nzima mara mbili au tatu katika sura za mwanzo, bila kumtafsiria. Ifikapo katikati ya kitabu huhitaji kuirudia tena: simu ikiita tu, msomaji mwenyewe ataanza kuhesabu, atatazama saa pamoja na mhusika, atajua kwamba ujumbe ule ni mfupi kupita kiasi, na hapo utakuwa umepata taharuki ambayo hakuna kufuli linaloweza kuileta.

Jambo la pili ambalo sijaona ukiligusa ni kumbukumbu. Kwa kuwa alikuwa na neno langu la siri, aliweza kufuta mazungumzo katika simu yangu mwenyewe. Nikimkumbusha jambo aliloniandikia, alishangaa, akaniomba nimwonyeshe, nami nikatafuta nisilione. Alinisikitikia. Alianza kunishauri, mbele ya watu, kwamba nipumzike na kwamba siku hizi nasahau sana. Ilifika mahali ambapo nikiulizwa swali la kawaida kabisa, kama vile tulikubaliana saa ngapi, nilimtazama yeye kwanza kabla ya kujibu. Kilichonirudishia imani katika akili yangu ni kitu kidogo: rafiki yule niliyetenganishwa naye alikuwa bado ameweka katika simu yake picha za skrini nilizomtumia zamani, zenye maneno ambayo mume wangu alikuwa ameniapia kwamba hakuyaandika. Nilizisoma nikiwa ofisini, kwenye simu ya rafiki huyo aliyekuja kuniona. Kama unatafuta tukio la kugeuza msuko wa hadithi, nakupa hilo kwa moyo mmoja. Kilichofutwa kwenye simu moja huweza kuwa kimesalia kwenye nyingine, na mdhibiti, hata awe mwangalifu vipi, hawezi kuzishika simu zote.

Kuhusu mpelelezi uliyemtaja, yule anayemuuliza mwanamke kama ana alama mwilini, kila kitu kinategemea nchi unayoiweka hadithi. Mwaka 2007 msomi Evan Stark alitoa kazi kubwa iliyoeleza udhibiti wa namna hii kuwa ni kosa dhidi ya uhuru wa mtu, na kwamba kuupima kwa idadi ya vipigo ni kuukosa kabisa. Uingereza na Wales ziliufanya kuwa kosa la jinai kwa sheria ya mwaka 2015, adhabu ikifika miaka 5 jela, na Scotland ikatunga sheria yake mwaka 2018, ambayo inaruhusu hadi miaka 14. Katika hadithi iliyowekwa huko, mpelelezi aliyefunzwa vizuri atauliza nani anashika fedha, nani anajua maneno ya siri, na nini hutokea mwanamke akisema hapana. Katika nchi isiyo na sheria kama hiyo, swali la alama mwilini linaweza kubaki, na uzito wake utamwangukia mhusika wako kwa ukatili mkubwa.

Sura ambayo sikubaliani nayo kabisa ni ile ya mwisho, ambapo anasimama sebuleni na kumweleza mumewe yote anayomdhania, kisha anabeba begi na kutoka. Inaridhisha, lakini inafundisha jambo la hatari. Utafiti uliofanywa katika miji 11 ya Marekani na kuchapishwa mwaka 2003, ukiongozwa na Jacquelyn Campbell, ulikuta kwamba pale mwanamume alipokuwa mdhibiti sana na mwanamke akatengana naye baada ya kuishi pamoja, hatari ya mwanamke huyo kuuawa ilipanda takriban mara 9. Kwa hiyo anayekaa mara nyingi anapima hatari ambayo watu wa nje hawaioni, na anaipima sawasawa.

Mimi niliondoka bila kutangaza. Mipango yote niliifanya kwa simu na barua pepe za mtu mwingine, kwa sababu zangu zilikuwa kama dirisha lisilo na pazia. Sikubadilisha neno la siri lolote nikiwa bado naishi naye, maana mabadiliko ya namna hiyo mara nyingi hupeleka taarifa katika vifaa vilivyounganishwa na akaunti. Niliyabadilisha nilipokuwa mahali salama, kwa kutumia kifaa ambacho hakuwahi kukigusa, nikianzia na barua pepe mpya, kisha benki, kisha mengine, na nikaondoa kimoja baada ya kingine vifaa nisivyovijua vilivyokuwa vimeingia kwenye akaunti zangu. Mtu wa kunisaidia alikagua begi na gari kutafuta vifaa vidogo vya kufuatilia. Ninayaeleza haya kwa kina kwa sababu najua kwamba si waandishi tu wanaoupitia uzi huu. Na kama kuna anayesoma akiwa ndani ya hali hii, namsihi azungumze na shirika la kuwasaidia wanaonyanyaswa kabla ya kuchukua hatua yoyote, tena kwa simu isiyo yake. Katika riwaya, maandalizi hayo ya kimya, yanayofanyika huku akiendelea kupika, kucheka na kujibu ujumbe kwa wakati, yana taharuki kubwa kuliko hotuba ya sebuleni.

Umeuliza pia kama uandike baadhi ya sura kwa sauti ya mwanamume. Mimi nisingefanya hivyo. Ukiingia kichwani mwake utalazimika kumpa sababu, na wasomaji watazitumia sababu hizo kumtetea, kama walivyofanya jamaa zetu wengi walipoamua kuzungumzia utoto wake badala ya matendo yake. Mwache aonekane kwa nje tu, kwa maneno na matendo yake, na umpe sauti ya upole hadi ukurasa wa mwisho. Ukihitaji mifano ya ujumbe wa aina ile, jinsi ulivyoandikwa na jinsi ulivyobadilika kadiri muda ulivyokwenda, niandikie kwa faragha; ninao baadhi, na nitakuruhusu uutumie ukishaondoa majina.