Wheaton walisharuhusu dansi
Ukisikia kwamba wanafunzi wa Wheaton College, chuo cha Kikristo kule Illinois, Marekani, wamekatazwa kucheza dansi, hapana, hiyo ni habari ya zamani. Marufuku iliondolewa 2003, na Novemba mwaka huohuo wakafanya dansi yao ya kwanza chuoni, bendi ikipiga swing, aina ya muziki wa jazi, kwenye jumba la michezo. Magazeti yaliiandika sana, maana chuo kipo tangu 1860 na dansi ya kwanza ndiyo hiyo. Ila pombe na sigara bado: mwanafunzi wa shahada ya kwanza hagusi, hata akiwa likizo kwao. Vituko vyao hasa ni benchi moja la saruji, ambalo wanafunzi wa mwaka wa tatu hujaribu kuwaibia wa mwaka wa nne. Saruji, jamani, na wanalibeba!