Feri ikishika moto katikati ya ziwa, uruke au ungoje?

Ndugu, umeuliza: uko kwenye feri kuelekea Mbita, hapa Ziwa Victoria, injini ishike moto, uruke majini au ungoje? Naona wengi wamekujibu ruka. Mimi nimepaka grisi kwenye vyumba vya injini vya boti za hapa ziwani miaka sita, na siku moja tuliwakiwa na moto tukiwa na abiria. Boti yenyewe na njia yake sitaji.

Paipu ya dizeli ilikuwa na ufa mwembamba kama uzi. Dizeli iliyomwagika sakafuni haiwaki kirahisi, lakini hii ilirushwa kama ukungu juu ya ekzosti iliyochemka, ikashika mara moja. Nilitoka mle bila nyusi. Fundi wangu hakugusa ndoo. Alivuta mkono wa kukatia mafuta ulio nje, akafunga mlango, tukaziba matundu ya hewa kwa magunia ya omena tuliyoyalowesha, kisha akafungulia mitungi ya kabonidioksidi, gesi ya kuzimia moto. Baada ya dakika kumi nikataka kuchungulia. Alinizaba kofi la mkono! Gesi ile inaunyima moto hewa, ila chuma haikipoozi. Ukifungua mapema hewa inaingia na moto unafufuka. Tulingoja hadi bati la sitaha likagusika kwa kiganja.

Sasa huko juu. Moshi ulipotokea tezi, yaani nyuma ya boti, abiria wote walikimbilia upande mmoja na boti ikalala. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kuliko nilivyouogopa moto. Kumbukeni kivuko cha Tanzania MV Nyerere, Septemba 2018, karibu na kisiwa cha Ukara humu humu ziwani: chombo kilijaza kupita kiasi, kikapinduka kikikaribia kufika, wakafa zaidi ya watu 220, na hakukuwa na moto wowote. Nahodha wetu, kabla injini haijafa, aliwahi kuelekeza omo, yaani mbele ya boti, kwenye upepo akatia nanga ya mbele. Moshi ukawa unatokea nyuma, watu wakapata pa kupumulia, na mama mmoja mwuza samaki akawafokea wanaume kwa Kijaluo mpaka wakarudi katikati wakakaa chini. Yule mama alituokoa kuliko mitungi yote.

Kuna aliyeandika hapo juu kwamba ziwa zima lipo, maji ya kuzimia hayakosekani. Kaka, maji juu ya dizeli yanausambaza moto. Tena maji yanayobaki ndani ya meli yanahama kila ikiyumba, yanaivuta ilale. Al-Salam Boccaccio 98 ilizama Bahari ya Shamu mwaka 2006 hivyo hivyo: moto ulianza kwenye sitaha ya magari, maji ya kuuzima yakakosa pa kutokea, na watu takriban 1,000 wakapotea.

Kwa hiyo ngoja, ukiwa umeshavaa jaketi la kuokoa maisha, nje ya kibanda chochote chenye paa, umekaa. Ruka nahodha akisema, au joto likikufikia na huna pengine pa kwenda. Ruka miguu kwanza, mikono imekumbatia jaketi kifuani, la sivyo litakupiga kidevu. Zikija boti za wavuvi, msizirukie wote kwa pamoja.

Jaketi zetu siku ile zilikuwa kabatini na kabati lina kufuli. Ufunguo alikuwa nao karani, na karani alibaki nchi kavu. Tulivunja kwa spana ya mwenye bodaboda, ndipo tukakuta za watoto ni mbili tu.

Hata leo nikipanda, kabla ya kutafuta kiti natafuta kabati. Wiki jana nimekuta kufuli, nikamuuliza kijana wa tiketi ufunguo uko wapi. Akanijibu, "Usijali mzee, uko salama ofisini." Nikashuka, nikangoja ya saa nane.