Ngare Sero au Ol Njorowa na watoto, mwezi Desemba? Jibu langu

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kati ya korongo la Ngare Sero pale Ziwa Natron na lile la Ol Njorowa ndani ya hifadhi ya Hell's Gate, Naivasha, Kenya, lipi umpeleke mkeo na watoto wawili likizo ya Desemba, na kama kuna ulazima wa kulipa mwongozaji wakati ramani unayo kwenye simu. Naishi Arusha, yote mawili nimeyapita, Ngare Sero mara nyingi zaidi. Waliotangulia kukujibu wamezungumzia picha na bei. Maji hakuna aliyeyagusa, na kwenye korongo maji ndiyo habari yenyewe.

Mvua ya kuogopa siyo ile inayokunyeshea ukiwa ndani. Hiyo unaiona, unatoka. Ya kuogopa ni ile inayopiga mlimani, mbali na ulipo, huku kwako jua linawaka na watoto wanarushiana maji. Nchi ya juu ya makorongo haya ni kavu, nyasi chache, mifugo imepita. Mvua kubwa ikishuka kwa ghafla ardhi haiwahi kuinywa, maji yote yanakimbilia bondeni. Piga hesabu: maji yaliyotandaa upana wa mita 20, kina sentimita 30 tu, unaweza kuyavuka bila kulowesha magoti. Yakibanwa kwenye mwanya wa mita 2 yakiwa na mwendo uleule, kina chake kinakuwa mita 3. Na Ol Njorowa kuna sehemu nyembamba kuliko hapo, unagusa kuta zote mbili kwa mikono.

Ndiyo maana yametokea yaliyotokea kule. Aprili 2012 mafuriko ya ghafla yaliua vijana saba waliokwenda na kikundi cha kanisa. Tarehe 1 Septemba 2019 wakafa tena watu saba, watalii pamoja na mwongozaji. Hiyo tarehe ya pili isome tena, mkuu. Ni Septemba, siyo masika wala vuli. Anayekuambia "nenda kiangazi, hakuna shida" hajaijua habari hiyo. Baada ya tukio hilo KWS, yaani shirika la wanyamapori la Kenya, walilifunga korongo, kwa hiyo kabla hujavuka mpaka wa Namanga wapigie uwaulize kama sehemu ya chini inaruhusiwa siku utakazokuwepo. Wakikataa, usitafute kijana wa kukupitisha pembeni.

Siichukii Ol Njorowa, naipenda sana. Maelfu ya miaka iliyopita Ziwa Naivasha lilikuwa limejaa kuliko leo, likafurika kuelekea kusini na kulichonga korongo hilo. Ukitembea ndani unasoma tabaka za majivu ya volkano moja baada ya nyingine, laini kiasi kwamba ukikwangua kwa ukucha zinamomonyoka. Kuna mahali maji ya moto yanachuruzika ukutani, na usimruhusu mtoto aweke mkono kujaribu, yanaunguza kweli. Joto hilohilo la chini ndilo linalozalisha umeme wa mvuke pale Olkaria tangu 1981. Lakini kwa familia, raha ya Hell's Gate iko juu, siyo chini. Mnakodi baiskeli, mnapita kati ya pundamilia na swala hadi Fischer's Tower, ule mwamba uliosimama kama mnara, watoto wanachoka vizuri, mnarudi. Hiyo peke yake inatosha safari.

Kwa hiyo kwa korongo lenyewe nakushauri Ngare Sero. Barabara kutoka Mto wa Mbu kupitia Engaruka ni zaidi ya kilomita 100, sehemu kubwa vumbi na mawe, gari la chini usilipeleke. Njiani unakata makorongo ya mchanga ambayo mvua ikinyesha yanageuka mito, na watu hulala upande mmoja wakisubiri maji yapungue. Kuna mageti ya ushuru, kwa hiyo uwe na pesa mkononi na udai stakabadhi kila geti. Ukimwona Ol Doinyo Lengai, ule mlima wa volkano, amesimama peke yake na kile kichwa cheupe, jua umekaribia.

Kijijini Engare Sero ndipo unapompata mwongozaji, na hapo nafika kwenye swali lako la pili. Lipa, bila kubishana. Ramani ya simu itakuonyesha mto ulipo, haitakuambia jana usiku mlimani kulikuwaje. Kijana wa Kimaasai wa pale ana ndugu wanaochunga huko juu, nyuma ya ukuta wa Bonde la Ufa maji yanakotoka. Anapiga simu moja kabla hamjaondoka. Niliwahi kuwa na mzee mmoja aliyeongea na simu muda mrefu, akaikunja shuka yake, akasema leo hatuingii, twendeni tukaone nyayo. Mbingu juu yetu ilikuwa nyeupe kabisa, wingu hata moja hakuna. Tukaenda kwenye nyayo, zile za watu wa kale zaidi ya 400 zilizoganda kwenye majivu ya volkano karibu na ziwa, na jioni mto ulipita pale kijijini ukiwa na rangi ya chai ya maziwa, unabeba matawi. Mzee hakusema lolote, alikuwa anakunywa chai.

Siku nzuri, matembezi yenyewe ni hivi. Unaacha gari mdomoni mwa korongo, unaingia, na kila baada ya muda unavuka maji, mara upande huu, mara ule. Kuna kingo za mwamba ambazo unapita ubavu ukutani, mwongozaji anakuonyesha mguu uweke wapi. Minazi hakuna, lakini mitende mwitu ipo, inaning'inia juu ya ukuta mkavu, na mwisho unakuta maporomoko na bwawa la kuoga. Nje kuna joto la kukausha midomo, mle maji ni baridi. Watoto hawatataka kutoka.

Ukiwa ndani, angalia kuta. Juu ya kichwa chako utaona nyasi kavu na vijiti vimekwama kwenye nyufa za mwamba. Havikuoteshwa pale, mto uliviweka, na huo ndio urefu wake ukikasirika. Kila mkisimama kupumzika, tafuta kwa macho mahali pa kupandia juu ya alama hiyo. Mwonyeshe mkeo, waonyeshe na watoto. Halafu yaangalie maji yenyewe. Yakianza kubadilika rangi, yakaleta majani na povu, au ukasikia mngurumo usiokuwepo mwanzo, msikusanye mizigo. Pandeni palepale mlipo, msikimbilie mdomoni mwa korongo, maana maji yana mbio kuliko nyinyi.

Kuvuka na watoto: mtu mzima asimame upande maji yanakotoka, mtoto nyuma yake akishikwa kifundo cha mkono, siyo vidole. Fimbo moja imara inasaidia kuliko viatu vya bei. Begi lifunguliwe mkanda wa kiunoni ili ukianguka ulivue haraka. Maji yakifika magotini mwa mtu mzima na yana nguvu, hapo kwa mtoto hapavukiki, mrudi. Kandambili acheni kambini, vaeni raba za zamani au yeboyebo zenye mkanda nyuma. Simu ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Kuhusu Desemba, hapo sikubaliani nawe. Ni vuli, barabara ya Engaruka inaweza kukukatia na mlima hauaminiki. Kama shule ndiyo inayokubana, tumia likizo ya Juni na Julai: kukavu, na joto la Natron linavumilika kidogo. Februari pia huwa pazuri kabla masika hayajaanza, ila watoto watakuwa darasani. Ukishindwa kabisa kubadilisha, Desemba wapeleke Materuni, Kilimanjaro, mpite kwenye migomba na mifongo ya Wachaga, yaani mifereji yao ya maji, mkaone maporomoko kutoka njiani, bila kuingia korongoni wingu likiwa mlimani.

Jambo moja hukulitaja: watoto wana umri gani, na wanajua kuogelea? Kama mdogo yuko chini ya miaka saba nitakushauri muishie kwenye mavuko ya kwanza, pana kivuli na maji ya kuchezea, na wewe na mkeo mpokezane kwenda mpaka kwenye maporomoko. Ingieni asubuhi na mapema. Mvua nyingi za mlimani hushuka mchana kuendelea, na saa sita jua la pale ni kali kupita maelezo.